Kibao cha bia kisomwe kabla ya kutiwa bei

Msomaji mmoja wa Ganjoni ameniletea swali nisilolitarajia katika safu ya lugha. Anacho kibao cha zamani cha Tusker, kilichotundikwa miaka mingi kwenye baa ya marehemu babake. Mnunuzi wa vitu vya kale amekitazama, akakigonga kwa ukucha, akasema atakichukua mradi yale “makorokocho” ya rangi yaliyo chini yafutwe kwanza. Makorokocho yenyewe ni jina la baa na maneno haya yaliyoandikwa kwa brashi: HAPA NI BARIDI TU. Je, ayafute?

Hasha! Lakini nieleze, maana mnunuzi naye si mjinga.

Wanaokusanya vibao hivi hutazama kwanza kimeundwa vipi. Kile cha enameli ni bamba la chuma lililoyeyushiwa unga wa kioo katika tanuri. Rangi yake haipauki upesi, na kikibanduka huacha doa la kutu. Cha bati lililopigwa chapa ni chepesi, na mara nyingi ukikitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitone vya wino. Kisha kuna kilichoandikwa kwa mkono, ambacho soko hukidharau. Hutazamwa pia matundu ya misumari. Kibao kilichotundikwa kweli huwa kimechakaa pale kilipobanwa, na upepo wa chumvi wa kisiwani haukili chuma sawasawa pande zote. Kutu iliyoenea kama rangi iliyopakwa jana, itilie shaka.

Yote hayo ni sawa. Kasoro ni kwamba mnunuzi amekigonga kibao, hakukisoma.

Hebu tukisome. Tusker ilianza kupikwa Nairobi mwaka wa 1922 na kampuni ya ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu katika uwindaji, na bia ikapewa jina la mnyama huyo mwenye pembe. Wengi wakikiona kichwa kile kibaoni husema ni cha tembo. Mmvita wa kale angesema ndovu. Tembo kwake ni kile kinachogemwa mnazini. Ndiyo maana methali yasema mgema akisifiwa tembo “hulitia” maji, wala si “humtia”. Ngeli yenyewe inatutolea ushahidi! Watanzania wana bia iitwayo Ndovu, na Lubumbashi wana Tembo. Mnyama ni mmoja, lakini kwa mswahili wa pwani hilo la pili ni kama kuandika “mnazi” juu ya chupa ya bia.

Twende kwenye wito wenyewe: “Bia yangu, nchi yangu”. Ni kazi nzuri, nami nasema hivyo ingawa sinywi. Hakuna kitenzi. Pande mbili, kila upande mizani nne (ile n ya “nchi” ni silabi kamili), na kina kimoja. Mtunzi alijua sikio la Kiswahili. Lakini Kimvita husema “nti”. Wito huu umetungwa kwa Kiswahili sanifu, uuze kila mahali, Kisumu hata Lamu, na kwa hiyo hauna mahali. “Imara kama simba” ya Pilsner ni dhaifu zaidi. Tashbihi hiyo ingeweza kuuza hata kufuli.

Sasa soma makorokocho. HAPA NI BARIDI TU. Neno bia halimo, na hakuna mpita njia aliyelihitaji. “Hapa” inataka mlango wake, na “tu” ni ahadi ya mwenye baa kwa mtu aliyetoka juani. Hiki ni Kiswahili cha mdomoni kilichopanda ukutani bila kupitia kwa mhariri, na sentensi za namna hiyo hazikuwekwa kwenye maktaba yoyote. Katika kibao kizima ndiyo sehemu pekee isiyo na nakala.

Kuna na jambo zito zaidi. Chini ya serikali ya kikoloni, Mwafrika alikatazwa na sheria kunywa bia ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo lugha ya kibao ni ushahidi wa nani alikuwa akikaribishwa ndani. Kibao cha Kiingereza kitupu na kibao chenye Kiswahili havikuwa vikimwita mtu mmoja. Anayefuta maneno ya Kiswahili ili kibao “kiwe safi” anafuta jina la mgeni aliyealikwa.

Basi msomaji wangu, usitumie tina wala msasa. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Kipige picha, kisha kwenye karatasi utakayoihifadhi nacho andika kilitundikwa mtaa gani, upande gani wa mlango, na nani alishika brashi, iwapo mamako angali anamkumbuka. Mnunuzi akirudi, msomee karatasi hiyo kabla hajataja bei.