Bharti Airtel na ankara iliyohesabu maongezi

Mwanzoni mwa mwaka 2004 Bharti Tele-Ventures, kampuni ya New Delhi iliyokuwa ikiuza huduma za simu kwa jina la Airtel, ilifanya jambo lililowashtua wengi katika sekta hiyo. Iliwakabidhi Ericsson, Nokia na Siemens kazi ya kujenga na kuendesha mtandao wake wa simu, na karibu mifumo yake yote ya kompyuta ikaipa IBM. Mkataba wa Ericsson ulikadiriwa kuwa wa dola milioni 400 kwa miaka 3, na ule wa IBM dola milioni 750 kwa miaka 10. Kampuni ya simu ilikuwa imeamua kutoendesha mitambo ya simu.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa kampuni iliyobana matumizi kwa kutoa kazi nje. Kwa maoni yangu msimulizi wa namna hiyo anaruka mahali penyewe. Kazi za kompyuta na mitandao zilikuwa zikitolewa nje miaka mingi kabla ya hapo, na mara nyingi mteja aliishia na mkataba mnene, bili inayopanda na mafundi asiowaamuru. Jambo jipya katika mikataba ya Bharti lilikuwa ndani ya ankara: mtoa huduma alihesabu nini pale alipodai pesa zake.

Tuanze na tatizo lilivyokuwa. Mwaka 2003 soko la simu la India lilibadilika ghafla. Simu zinazoingia zikawa bure kwa mpokeaji, kampuni pinzani ya Reliance ikaingia na bei za kutupa, na watu wa kipato kidogo wakaanza kumiliki simu za mkononi. Bharti ilikuwa na wateja takriban milioni 6 na idadi yao ilikuwa ikipanda kila mwezi. Wahandisi wake walilazimika kuagiza mitambo miezi kadhaa kabla, kwa kukisia mji gani utajaa lini. Wakikisia chini, wateja wanapiga, simu haziiti. Wakikisia juu, mitambo ya mamilioni ya dola inakaa bila kazi huku riba ya mkopo ikihesabiwa. Na katika kila agizo upande mmoja ulitaka kununua kidogo, upande wa pili ukitaka kuuza kingi. Akhil Gupta, mkurugenzi aliyeshika fedha za Bharti na ndiye msanifu mkuu wa mpango huu, aliona kwamba muuzaji wa mitambo hanufaiki kwa mtandao kufanya kazi vizuri. Ananufaika kwa makasha yanayotoka kiwandani. Fundi anayelipwa kwa siku hana haraka ya kumaliza ukuta.

Kwa hiyo Bharti ikakataa kununua makasha. Ilisema itanunua uwezo wa kubeba maongezi, na uwezo huo una kipimo chake cha zamani: erlangi, kwa jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Erlangi moja ni njia moja ya simu inayotumika saa nzima bila kukatika. Chukua eneo linalohudumiwa na antena moja lenye wateja 1,000, na kila mmoja anaongea sekunde 90 katika ile saa ya jioni yenye simu nyingi kuliko zote. Jumla ni sekunde 90,000, yaani saa 25 za maongezi ndani ya saa moja: erlangi 25. Njia 25 hazitoshi, maana watu hawapangi foleni ili wapige simu mmoja baada ya mwingine. Kuna dakika wanaongea 20 na kuna dakika wanataka kuongea 33. Kwa kanuni aliyoichapisha Erlang mwaka 1917, ukitaka wanaokosa njia wasizidi 2 katika kila 100, unahitaji njia 34.

Bharti ililipa kwa erlangi zilizokwisha kuwashwa na kutumiwa na wateja. Mtambo uliokuwa bado boharini, au uliofungwa mahali pasipo na wapigaji, haukuingia kwenye ankara. Angalia jinsi mstari huo mmoja ulivyogeuza kazi ya kila mtu. Hatari ya kukisia vibaya ilihama kutoka kwa mnunuzi, ambaye mitambo hakuitengeneza, ikaenda kwa mtengenezaji anayejua kipi kinahamishika, kipi kinaongezeka kwa programu tu na kipi kinahitaji safari ya lori. Mitambo iliyolala katika mtaa uliopoa iligeuka hasara ya muuzaji, naye akawa na sababu ya kuihamishia mtaa uliochangamka. Mivutano ya kila agizo ikakosa msingi.

Mpango kama huu una upenyo wake, na ni vizuri kuutaja. Ukimlipa mtu kwa erlangi peke yake, anaweza kujaza kila njia mpaka pomoni na kuahirisha upanuzi, kwa kuwa njia iliyojaa ndiyo yenye faida kubwa. Ndiyo maana mikataba ya aina hii hubeba vigezo vya ubora pembeni ya bei: simu ngapi zinakatika katikati ya maongezi, ngapi zinakosa njia, hitilafu inachukua saa ngapi kurekebishwa. Mnunuzi asiyekuwa na vifaa vyake vya kupima mambo hayo hana mkataba wa ubora, hata kama karatasi inasema anao. Ana ahadi tu.

Kwa IBM kipimo kilikuwa kingine. Kituo cha data, seva, mfumo wa kutoza wateja, kumbukumbu za wateja, hata kompyuta za mezani na dawati la msaada kwa wafanyakazi, vyote vilikwenda kwa IBM, nayo ikalipwa asilimia ya mapato ya Bharti. Asilimia hiyo ilipangwa ishuke kadiri mapato yanavyopanda. Mantiki yake ni safi. Mfumo wa kutoza simu za malipo ya kabla ukilala saa moja, Bharti haiuzi kitu kwa saa hiyo, na sehemu ya IBM inapotea pamoja nayo. Seva zikinunuliwa nyingi kuliko mahitaji, anayebeba gharama ni IBM. Mapato yalipopaa, IBM nayo ilipata zaidi ya ilivyokadiriwa mwaka 2004, na Bharti iliendelea kulipa kidogo kwa kila rupia iliyoingia.

Mamia ya wahandisi na wataalamu wa kompyuta wa Bharti walihamia Ericsson na IBM, wakiendelea na kazi zilezile kwa mwajiri mpya. Bharti ilibaki na chapa, bei, masoko, wateja, fedha, leseni na masafa, na mahusiano na serikali. Hapa ndipo kampuni nyingi zinazoiga hujikwaa: zinahamisha mafundi wote na kubaki na mameneja wa mikataba wasioweza kusoma takwimu za mtandao. Anayebaki ndani lazima awe na uwezo wa kumbishia mtoa huduma kwa namba.

Mei 2009 Airtel ilifikisha wateja milioni 100 nchini India. Wakati huo hata minara ilikuwa imetolewa nje: mwaka 2007 Bharti, Vodafone Essar na Idea, wapinzani wakubwa sokoni, waliungana kuanzisha Indus Towers, ili mnara mmoja ubebe antena za kampuni kadhaa. Dakika za maongezi za India zilikuwa miongoni mwa za bei nafuu kabisa duniani, na Airtel ilipata faida kwa bei hizo.

Kisha mpango ukaja kwetu. Juni 2010 Bharti ilikamilisha ununuzi wa mitandao ya kampuni ya simu ya Zain katika nchi 15 za Afrika, Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo zikiwamo, kwa dola bilioni 10.7. Mitandao hiyo ilikuwa na wateja takriban milioni 42. Makao ya Afrika yakawekwa Nairobi. Septemba mwaka huohuo IBM ilipewa mkataba wa miaka 10 wa mifumo ya kompyuta katika nchi 16, kwa kuwa Shelisheli ilikuwa imeongezwa. Tech Mahindra, Spanco na IBM zikapewa vituo vya huduma kwa wateja, na mwaka 2011 Ericsson, Nokia Siemens na Huawei zikagawana uendeshaji wa mitandao.

Bei nazo zikafuata mkondo wa India. Agosti 2010, baada ya mdhibiti wa Kenya kupunguza kwa nusu ada ambayo mtandao mmoja unailipa mwingine kwa kupokea simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21, Zain Kenya, ambayo baadaye mwaka huo ikawa Airtel, ilishusha simu kwenda mitandao yote hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom na wengine walilazimika kushusha nao. Wakenya tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini mashine ya India ilikuwa inakula kitu kimoja: ongezeko la maongezi. Mtoa huduma anakubali kulipwa kwa erlangi au kwa asilimia ya mapato kwa sababu ana hakika vyote viwili vitapanda, kisha gharama zake za mwanzo zitarudi. India ilimpa soko moja, sarafu moja na mamilioni ya wateja wapya kila mwezi. Afrika ilimpa nchi 16, kila moja na mdhibiti wake na kodi zake, sarafu nyingi tofauti, na katika baadhi yake mpinzani aliyekwisha kushika wateja. Bei ilishuka upesi na dakika hazikuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Bharti ilikuwa imejiwekea lengo la wateja milioni 100 na mapato ya dola bilioni 5 Afrika ifikapo Machi 2013. Haikufika; wateja walikuwa wamezidi milioni 60 tu.

Kuna pia suala la umeme, ambalo naliona ni zito kuliko linavyopewa nafasi. Mnara ulio mbali na gridi unaishi kwa dizeli. Mafuta hayo yanasafirishwa kwa barabara mbovu, yanaibwa, na jenereta inahitaji fundi iwe kuna wapigaji 10 au 1,000. Gharama hii haifuati erlangi hata kidogo. Mkataba unaolipa kwa maongezi unakuwa sahihi kwa redio na seva, lakini unakwama kwenye tangi la mafuta, na mtu anayeendesha mtambo si lazima awe ndiye anayejaza tangi. Si ajabu kwamba minara ya Afrika ilikuja kutengwa kabisa na kuuzwa kwa kampuni ambazo kazi yake ni mnara na nishati tu. Mwaka 2014 Airtel ilikubaliana kuiuzia Eaton Towers minara takriban 3,500 katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwamo, na mwaka 2021 ikatangaza kuuza takriban 1,400 ya Tanzania kwa ubia wa SBA Communications na Paradigm kwa dola milioni 175. Katika mikataba hiyo mpangaji, yaani kampuni ya simu, analipa kodi ya nafasi kwenye mnara pamoja na nishati, na mwenye mnara anapata faida kwa kuongeza mpangaji wa pili na wa tatu. Kipimo kimefuata gharama halisi.

Nisieleweke kwamba mikataba ndiyo iliyoiangusha Airtel Afrika katika miaka ile. Deni la dola dhidi ya mapato ya shilingi na naira lilikuwa mzigo ambao hakuna Ericsson wa kuubeba. Mikataba ile ilikuwa mizuri kwa soko linalokua. Ilipelekwa penye masharti mengine.

Haya yote yanamhusu vipi mwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi pale Kariakoo, mwenye kompyuta 40 na matawi Arusha na Mwanza? Yanamhusu sana, kwa kuwa naye ananunua huduma hizohizo kwa kiwango kidogo. Wengi bado wanalipa fundi wa TEHAMA kwa kila safari anayokuja. Kwa mpango huo kompyuta ikiharibika ndipo fundi anakula, na hakuna anayelipwa kwa kuzuia virusi au kujaribu kama nakala rudufu inafunguka. Mpango wa pili, unaozidi kuenea, ni kiasi maalumu kwa kila kompyuta kwa mwezi. Huo ni bora, kwa sababu mtoa huduma anapata faida mambo yakiwa shwari. Ila ushwari na uzembe hufanana kwa miezi mingi, mpaka siku seva ya mauzo inapokufa. Kwa hiyo bei ya mwezi ifungwe na vitu vinavyopimika na ambavyo wewe mwenyewe unaweza kuvisoma: saa ambazo tawi la Mwanza lilikuwa hewani wakati wa kazi, siku ambayo nakala rudufu ilirejeshwa kwa majaribio, muda kutoka simu ya malalamiko hadi mfumo kurudi. Sehemu ya malipo ipungue vitu hivyo vikikosekana.

Na vipo visivyotoka nje. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kampuni yako. Nywila kuu za seva na ruta ziwe na nakala kwenye sefu yako, pamoja na mchoro wa mtandao. Taarifa za wateja nazo zina sheria: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ilivyo kwa ile ya Kenya ya 2019, kumpa mtu mwingine kazi ya kuchakata taarifa hakukuondolei wajibu wako kwa mwenye taarifa. Kifungu cha kuachana ndicho husomwa mwisho, na mara nyingi hakisomwi. Kabla ya kusaini, mwombe mtoa huduma akukutanishe na mteja aliyewahi kumwacha, kisha muulize mteja huyo alikabidhiwa nini, kwa siku ngapi, na kama alilazimika kulipa ili apewe nywila zake mwenyewe.