Kichwamaji: Tumsome Kazimoto Kabla ya Kumpa Jina

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, ni miongoni mwa kazi zinazojadiliwa sana katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili. Aghalabu mwanafunzi huifungua akiwa amekwisha kupewa jibu: hii ni riwaya ya udhanaishi, inayotilia shaka maana ya maisha. Jibu hilo si la uongo. Kasoro yake ni kwamba huja mapema mno. Tukishalitamka, Kazimoto hugeuka mfano wa falsafa, nasi tunasahau kwamba tunasoma habari za kijana msomi anayezama katika huzuni hadi anajiua.

Tuanze na usimulizi. Katika Rosa Mistika (1971), ambamo Rosa naye anajiua, msimulizi yuko nje ya wahusika. Tunauona ukali wa Zakaria, baba yake, na jinsi unavyomharibia binti maisha. Katika Kichwamaji, Kazimoto anajisimulia mwenyewe. Kila tukio hutufikia likiwa limepita katika mawazo yake. Msomaji asipokuwa macho atamwamini kwa kuwa hana mwingine wa kumsikiliza, na atadhani kwamba anachokisema Kazimoto juu ya dunia ndicho anachokisema Kezilahabi.

Hebu tuyatazame yanayomsibu. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia anakufa. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa kumtumia Sabina, dada yake Manase, lakini anaishia kumwoa. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Wa Kazimoto naye anazaliwa hivyo hivyo. Huu ni mzigo wa msiba, hasira na hatia kwa pamoja. Kazimoto anaujadili kwa hoja na kwa kejeli, lakini kuutua mbele ya mtu mwingine ni shida kwake. Elimu imempa maswali juu ya Mungu na maisha bila kumpa mtu wa kuyauliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Riwaya ina upungufu wake. Sabina, aliyempoteza mtoto huyo huyo na kisha mume, hatumsikii ipasavyo. Msomaji ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, upungufu huu unafundisha: mtu aliyezidiwa na sonona anaweza kushindwa kuuona uchungu wa aliye kando yake.

Je, mwalimu afanye nini? Kwanza, awaarifu wanafunzi mapema kuhusu mwisho wa riwaya. Huenda miongoni mwao yumo aliyefiwa kwa namna hiyo. Pili, awape msamiati. Anayejua neno “kichaa” peke yake atakosa namna ya kujieleza; anayejua sonona, msongo wa mawazo, wasiwasi na majonzi ataweza kutofautisha hali moja na nyingine, za Kazimoto na zake mwenyewe. Tatu, kila msomaji awe na shajara ya usomaji, aandike ni wapi Kazimoto angeweza kusema na hakusema, na nani angemsikiliza. Shajara hiyo isisahihishwe wala kusomwa mbele ya darasa.

Mwalimu wa lugha si daktari, na riwaya si dawa. Mwanafunzi anayeonyesha dalili za kutaka kujidhuru asiachwe peke yake. Apelekwe kwa mshauri wa chuo au hospitalini. Lakini kabla ya kufika huko, mtu huhitaji kwanza kuijua hali yake na kuipatia maneno. Hapo ndipo Kichwamaji, ikisomwa polepole, inapoweza kusaidia. Swali la udhanaishi libaki katika mtihani; ila lisiwe swali la kwanza.