Majalada ya Darwin

Desemba 1842, miezi michache tu baada ya Charles Darwin kuhamia kijiji cha Down, nje ya London, vipande vya chokaa vilitandazwa kwenye shamba la jirani na nyumba yake. Alitaka kujua nyungunyungu, ambao hupandisha udongo wa chini na kuuacha juu, wangevizika kina gani. Handaki la kupimia lilichimbwa Novemba 1871. Miaka 29 ilikuwa imepita, na mstari mweupe ulionekana inchi 7 chini ya uso wa ardhi.

Kati ya tarehe hizo mbili alikuwa amechambua kwa miaka minane vile viumbe vidogo vya magamba vinavyoganda kwenye miamba na matumbo ya vyombo vya baharini, amefuga njiwa, ametoa kitabu chake cha asili ya spishi mwaka 1859, kingine cha okidi mwaka 1862, na makala ya mimea itambaayo. Wazee wetu husema mshika mawili moja humponyoka, na mwalimu yeyote aliyeona mwanafunzi akianzisha kazi tano asimalize hata moja atawaunga mkono. Kwa nini basi kwa Darwin hazikuponyoka?

Jibu la kwanza ni la kawaida kabisa: kabati. Katika tawasifu yake anaeleza kwamba siku zote alikuwa na mada kadhaa mikononi kwa wakati mmoja, na kwamba alitunza majalada makubwa 30 hadi 40 kwenye kabati zenye rafu zilizoandikwa lebo. Akisoma jambo au akipata barua yenye habari ya njiwa, karatasi ilikwenda jaladani palepale. Hivyo kazi iliweza kulala miaka bila kufa, na alipoirudia aliikuta imenenepa. Nadhani wengi wetu tunaoshindwa kubeba miradi mingi tunashindwa hapa, kwa sababu tunaiweka kichwani, na kichwa hakina rafu.

Jibu la pili ndilo lenye uzito. Kazi hizo zilitofautiana kwa sura, lakini karibu zote zilimrudisha kwenye swali lilelile: viumbe hubadilikaje, na mabadiliko madogo yakirundikana huzaa nini? Wale viumbe wa magamba walimfundisha kuwa ndani ya spishi moja karibu kila kiungo hutofautiana kidogo. Alipoanza njiwa mwaka 1855 hakuwa mwanafunzi mpya. Alijua apime nini, akapima hata makinda ambayo hayajatimiza saa 12 tangu kuanguliwa, ili aone tofauti za aina zao hujitokeza lini. Ujuzi wa meza moja ulihamia meza nyingine, na huko ukapata mtihani ambao meza ya kwanza isingeweza kuutoa.

Wakati huohuo aliloweka mbegu katika maji ya chumvi, apate kujua mimea ilivukaje bahari hadi visiwani. Kati ya aina 87, aina 64 ziliota baada ya siku 28 majini. Ikabaki taabu moja: mbegu nyingi huzama. Swali likageuka, akajaribu matawi yenye matunda yaliyokaushwa, na baadhi yakaelea muda mrefu zaidi kuliko mabichi. Majaribio ya aina hii yamejaa siku za kungoja, na siku hizo zilikuwa za njiwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa ua liitwalo Linaria. Alipanda matuta mawili makubwa akifuatilia mambo ya urithi, moja la miche iliyotokana na ua kujichavusha lenyewe, jingine la miche ya uchavushaji mtambuka. Hakuwa akiwaza kulinganisha nguvu zao. Ile ya mtambuka ikakua mirefu na yenye afya zaidi, waziwazi. Kutoka hapo yalizaliwa majaribio ya miaka 11 na kitabu cha mwaka 1876. Mtu asiyejua ila urithi angeyaona matuta yale akapita. Yeye alikuwa ametoka kwenye okidi, ambako alijifunza jinsi maua yalivyoumbika ili wadudu wabebe chavua kutoka ua hadi ua.

Haki idai yake: Darwin alikuwa na mali ya familia, hakuajiriwa, alikuwa na watumishi na posta ya bei nafuu. Fundi wa Kariakoo anayetafuta kodi ya mwezi hawezi kungoja chokaa izame. Anachoweza kuazima ni jalada na swali.

Uzeeni Darwin alitilia shaka kama wale viumbe wa magamba walistahili muda wote ule. Mimi nasema walistahili. Bila wao, njiwa wangekuwa ndege wa kupendeza tu bustanini.