Orwell: 2+2=5 — Raoul Peck Hatupi Nafasi ya Kupumua

Jamani, hii filamu! Orwell: 2+2=5 imekwisha, taa zimewaka, na moyo bado unanidunda. Ni karibu saa mbili za filamu ya hali halisi, na hakuna dakika niliyothubutu kuegemea kiti.

Wengi wetu tulimjua George Orwell darasani, kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka 1967. Tuliwacheka wale nguruwe, tukafanya mtihani, tukaendelea na maisha. Raoul Peck anaturudisha kwa nguvu.

Anamkuta Orwell kwenye siku zake za mwisho. Yuko kisiwa cha Jura, Scotland, kifua kikuu kinamla mapafu, naye anakimbizana na kifo ili amalize Nineteen Eighty-Four. Riwaya ilitoka Juni 1949. Januari 1950 akafariki, ana miaka 46 tu. Na msitarajie profesa aliyekaa mbele ya rafu ya vitabu akitufafanulia! Tunachosikia ni maneno ya Orwell mwenyewe, ya barua, shajara na insha zake, yakisomwa na Damian Lewis kwa sauti kavu, ya mtu anayehesabu pumzi zilizobaki. Sauti ile peke yake ingetosha kunitoa nyumbani.

Kisha Peck anaanza kugonganisha mambo. Vipande vya sinema mbili za riwaya hiyo, ya 1956 na ya 1984, vinapishana na habari za juzi na jana: Ukraine iliyobomolewa, Gaza, majenerali wa Myanmar, umati ukivamia bunge la Marekani Januari 6, 2021. Kuna mahali anaziweka lugha laini za watawala kando ya matendo yao. Nilicheka, halafu nikaona haya kwamba nimecheka.

Lakini kilichonimaliza ni Burma. Orwell, jina lake halisi Eric Blair, alizaliwa India mwaka 1903, na akiwa na miaka 19 akaenda Burma kuwa polisi wa mkoloni. Alivaa sare hiyo miaka mitano, akaiacha 1927 huku dhamiri ikimsuta. Kumbe huyu hakupiga ramli! Aliijua serikali ya mabavu kwa kuwa aliwahi kulishika rungu lake. Na Burma hiyo ndiyo Myanmar ya wale majenerali. Peck anapoziunganisha, nywele zilinisimama.

Nani mwingine angeliona hilo? Peck ni mzaliwa wa Haiti, utotoni familia yake ilihamia Leopoldville, Kinshasa ya leo, na ndiye aliyetupa Lumumba mwaka 2000 na I Am Not Your Negro mwaka 2016. Kwake ukoloni si tanbihi ya maisha ya Orwell, ndio mzizi.

Kasoro ipo: filamu inakimbia mno. Nchi zinamiminika moja juu ya nyingine, na anayetaka kuelezwa tofauti kati ya dikteta huyu na yule atabaki na kiu. Mimi nilisamehe kila kitu.

Itazameni kwenye skrini kubwa, si kwenye simu huku mnajibu meseji. Tena nenda na mtu mnayepingana kisiasa. Mtatoka mkibishana kwa sauti barabarani, jambo ambalo watawala wa riwaya ile wasingeliruhusu hata kidogo.