Kwa Nini Video Nzuri ya Historia Humwacha Mjinga Aseme Kwanza

Mfululizo wa Crash Course kuhusu historia ya dunia hauanzii kwa mafarao wala kwenye kingo za mto Frati. Unaanzia kwenye baga. Katika kipindi cha kwanza, kilichowekwa YouTube Januari 26, 2012, mtangazaji John Green anaahidi kueleza jinsi binadamu, katika miaka 15,000 tu, alivyotoka kwenye kuwinda na kuchuma matunda ya porini hadi kufikia ndege, intaneti na baga ya jibini yenye nyama mbili iliyokuwa ikiuzwa kwa senti 99. Baga hiyo haipatikani bila ng'ombe wa kufugwa, ngano ya kulimwa na kusagwa, maziwa ya kugandishwa yakawa jibini, na umati wa watu wasiojuana ambao kila mmoja anafanya kazi yake. Mwanafunzi aliyezoea kukutana na mapinduzi ya kilimo kama kichwa cha somo cha kukariri anajikuta ana swali mdomoni: hivi watu walianza kulima kwa sababu gani, ikiwa mwindaji alikuwa na muda mwingi zaidi wa kupumzika na afya nzuri kuliko mkulima?

Wanaosifu video za namna hii husifu katuni, kasi na utani. Vyote hivyo vina kazi yake, nayo ni kumzuia mtazamaji asihamie video nyingine. Kufundisha ni kazi tofauti, na ukiuchambua mfululizo huu kipindi kwa kipindi utaona kwamba kinachofundisha ni kitu kisichotajwa sana: wazo potofu hupewa nafasi ya kusemwa kwa sauti kabla ya kubomolewa.

Kwanza, ulivyotengenezwa. Mwaka 2011 YouTube ilitenga takriban dola milioni 100 za kuanzisha chaneli za vipindi halisi, na ndugu wawili, John na Hank Green, wakapata fungu lao. Hank alichukua biolojia, John akachukua historia. John si mwanahistoria. Ni mtunzi wa riwaya, na mwezi uleule wa Januari 2012 ndipo ilipotoka The Fault in Our Stars, riwaya iliyompatia umaarufu mkubwa. Kwa hiyo miswada ya historia aliiandika pamoja na Raoul Meyer, aliyekuwa mwalimu wake wa historia katika shule ya sekondari ya Indian Springs huko Alabama. Meyer alijua kipi ni cha lazima, Green alijua msomaji huanza kupiga miayo wapi. Stan Muller aliongoza na kuhariri, na studio ya Thought Café ya Canada ikachora katuni. Vipindi 42 vilitoka kati ya Januari na Novemba, vikifuata kwa karibu muhtasari wa somo la historia ya dunia la AP, ambalo wanafunzi wa sekondari Marekani hulifanyia mtihani kila Mei.

Jambo hilo la mwisho ndilo waigaji wengi wameliruka. Waliona mtu anayeongea kwa kasi mbele ya tufe la dunia, wakanunua tufe la dunia. Hawakuona kwamba nyuma yake kulikuwa na mtaala kamili na mtu aliyekwisha kuufundisha darasani kwa miaka.

Kasi nayo ina hesabu zake. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha utafiti uliochambua mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walifungua video za masomo kwenye jukwaa la edX. Waligundua kwamba hata video iwe ndefu kiasi gani, mtazamaji wa kawaida haendi zaidi ya dakika 6 hivi. Waligundua pia kwamba walimu wanaoongea haraka na kwa bashasha hushikilia watazamaji kuliko wanaoongea polepole. Vipindi vya Green huzidi dakika 10. Vinapitaje? Vimekatwakatwa ndani kwa ndani. Kuna maelezo mezani, kuna katuni ya dakika chache, kuna barua ya wazi anayoisoma akiwa kwenye kiti cha pembeni, kisha anarudi mezani. Kila pumzi kati ya sentensi na sentensi imeondolewa na mhariri. Mtazamaji anadhani ameona video moja ya dakika 12, kumbe ameona nne.

Kumshikilia mtu si kumfundisha, hata hivyo. Mwaka 1998 Shannon Harp na Richard Mayer, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi maelezo ya jinsi radi inavyotokea. Wengine walipewa maelezo yenyewe tu, wengine wakaongezewa vijisehemu vya kusisimua visivyohusu chanzo cha radi. Waliopata nyongeza tamu walikumbuka machache kuliko wenzao kuhusu radi yenyewe, na walipopewa maswali ya kufikiri walishindwa zaidi. Kwa kipimo hicho, nusu ya vichekesho vya Crash Course ilistahili kukatwa. Barua za wazi, kwa mfano, mara nyingi ni mapumziko tu, na hakuna ubaya kusema hivyo.

Lakini kichekesho cha Wamongolia ni suala jingine. Mara kwa mara Green anapotaja kanuni ya jumla, tuseme kuhusu namna wahamaji wanavyoishi au dola zinavyodumu, humalizia kwa kuwatoa Wamongolia, na papo hapo unakatiza mkanda wa wapanda farasi wakija mbio kwa kelele. Mtoto anacheka. Baada ya mara ya tatu anaanza kuusubiri, maana yake kila akisikia kanuni anajiuliza kama kuna aliyeivunja. Tabia hiyo ni ya mwanahistoria, na imeingizwa kupitia utani. Hapa kichekesho kimebeba somo mgongoni, wala hakikuja kulipunguzia uzito.

Sasa tuje kwa yule mjinga.

Green ana mhusika mmoja ambaye ni yeye mwenyewe enzi za sekondari, Mimi wa Zamani. Anacheza nafasi zote mbili. Kijana huyu hukatiza somo akiita mwalimu kwa papara, ni mvivu, anajiona mjanja, na anasema yale ambayo wanafunzi wengi huyafikiri lakini huogopa kuyatamka. Mambo haya ya kale yanatuhusu nini? Yatakuja kwenye mtihani? Swali la mtihani limo tangu dakika za mwanzo za kipindi cha kwanza, na Green hulijibu kwa kulipanua: mtihani unaozungumziwa ni ule wa kuishi kama raia mwenye ufahamu, na hauna kengele ya kumalizia.

Mtu anaweza kuona hiyo ni sarakasi ya uigizaji. Utafiti mmoja wa fizikia unasema vingine. Derek Muller, anayejulikana kwa chaneli ya Veritasium, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2008 kuhusu video za kufundishia fizikia. Wanafunzi waliotazama video yenye maelezo safi na yaliyonyooka waliisifu kwamba inaeleweka, wakatoka wakijiamini, na majibu yao kwenye mtihani hayakusogea sana. Wengine walitazama video ambayo ndani yake mwanafunzi anatoa fikra potofu za kawaida na kujadiliana na mwalimu. Hao waliiona inachanganya, lakini walijifunza zaidi. Sababu yake inaingia akilini: mtu mwenye wazo lake kichwani akisikia maelezo mazuri hudhani yanathibitisha alichokijua. Asipoonyeshwa wazi kwamba wazo lake ndilo linalopingwa, halisogezi.

Historia imejaa mawazo ya aina hiyo, na mfano ulio karibu kabisa na msomaji wa Kiswahili umo katika kipindi cha 16, kinachoanza na safari ya hija ya Mansa Musa wa Mali mwaka 1324. Kipindi kinapofika pwani ya Afrika Mashariki hakianzi kwa kuorodhesha bidhaa. Kinaeleza kwamba Waswahili hawakuwa na dola moja, walikuwa na miji iliyojitegemea, kama Mogadishu, Mombasa na Zanzibar, iliyounganishwa na biashara na dini. Kisha kinaweka mezani dhana iliyotawala kwa muda mrefu: kwamba miji hiyo ilianzishwa na Waarabu au Waajemi, kwa kuwa wasomi wa zamani hawakuamini Mwafrika angeweza kujenga mji. Dhana inatajwa, chanzo chake kinaitwa kwa jina lake, yaani ubaguzi, na inaangushwa. Yote hayo kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

Mbinu ni ileile ya Mimi wa Zamani, safari hii bila mwigizaji. Na ndipo udhaifu wake unapojitokeza. Mtazamaji anaambiwa kwamba wasomi walikosea na wasomi wakajirekebisha, lakini haonyeshwi walijirekebisha kwa kitu gani. Amebadilishiwa jibu, hajapewa njia. Kitu chenyewe kipo, na kinapendeza kuliko katuni. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, kwenye kisiwa cha Pate huko Lamu. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hadi akafikia jengo dogo la miti la karne ya 8, katika makazi ya nyumba za miti na udongo yaliyojaa vyungu vya asili ya Afrika. Mji ulikua papo hapo, tabaka juu ya tabaka. Dakika moja ya kuyaonyesha matabaka hayo kuanzia juu kwenda chini ingemfundisha mwanafunzi namna ukweli wa kihistoria unavyopatikana.

Kuna tatizo la pili: video haizeeki vizuri. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa Kenya na Tanzania, katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, kati ya mwaka 1250 na 1800. Mmoja wa viongozi wa utafiti huo ni mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba. Ilionekana kwamba kwa wengi wa watu wa pwani asili ya upande wa akina mama ilikuwa ya Kiafrika, na asili ya Kiasia ilitoka kwa wanaume, wengi wao wa Kiajemi, mchanganyiko huo ukiwa umeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Simulizi za Washirazi, waliosemwa kuwa walitoka Uajemi, katika kitabu cha kale cha historia ya mji wa Kilwa, zilizokuwa zimewekwa kando kama hadithi za kujipa ukubwa, zikarudi mezani. Hazikurudisha ile dhana ya zamani, kwa sababu makazi ya Shanga yalikuwepo zaidi ya karne moja kabla ya mchanganyiko huo. Ila zimelifanya jibu kuwa na pande nyingi kuliko lile la 2012.

Kipindi cha 2012 kitaendelea kusema ya 2012. YouTube hairuhusu kubadilisha video na kubakiza anwani ileile. Zamani watengenezaji walibandika vidokezo vya masahihisho juu ya picha, lakini Januari 2019 YouTube iliviondoa vyote. Siku hizi masahihisho huandikwa chini, kwenye maelezo ya video. Na mwanafunzi wa Tanga aliyerushiwa video na mwenzake kwenye WhatsApp ili kuokoa bando hayaoni kabisa maelezo hayo.

Chaneli ya video za elimu ya TED-Ed imejaribu njia nyingine. Katika mfululizo wake wa katuni wa kushtaki historia, ambao vipindi vyake vingi viliandikwa na Alex Gendler, Genghis Khan, Christopher Columbus na Napoleon Bonaparte hupandishwa kizimbani. Upande mmoja unadai Genghis Khan aliteketeza miji na watu wake, upande wa pili unajibu kwamba aliruhusu dini zote na kulinda njia za biashara, na hakimu hatoi hukumu ya mwisho. Kwa dakika zisizozidi saba hivi mwanafunzi anaona kwamba ushahidi uleule hubishaniwa. Upungufu wake ni kwamba mawakili wote wawili ni kalamu ya mtu mmoja. Sauti ya shahidi wa enzi hizo haisikiki.

Pengo hilo linazibwa na mwalimu, na hahitaji vifaa vya gharama, ila kumfanya mwanafunzi ajipime badala ya kutazama tu. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma maandishi mara mbili walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walioongoza ni wale waliosoma mara moja kisha wakajipima. Kwa hiyo kuirudia video mara tatu usiku wa kuamkia mtihani kunampa mwanafunzi raha ya kudhani anajua. Kuizima katikati na kuandika alichoelewa kunamsumbua, na kunamsaidia.

Darasani, mwalimu wa kidato cha tatu mwenye projekta, au hata simu moja na spika, afanye mambo kwa mpangilio huu. Aweke kasi ya 0.75, kwa kuwa Kiingereza cha Green kinawakimbia hata wazungumzaji wenyewe. Kabla ya kubonyeza, awaulize wanafunzi nani alijenga Kilwa, na kila mmoja aandike jibu lake bila kusahihishwa. Aonyeshe sehemu ya pwani ya kipindi cha 16, aisimamishe pale dhana ya zamani inapotajwa, na aulize: mngetaka kuona kitu gani ndipo mkubali kwamba wasomi wale walikosea? Watasema magofu, watasema maandishi, mmoja atasema makaburi. Hapo ndipo awape matabaka ya Shanga, vinasaba vya 2023, na simulizi ya msafiri Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 lakini akaja kuisimulia ili iandikwe zaidi ya miaka 20 baadaye. Kisha wayarudie majibu yao ya mwanzo na kuyasahihisha kwa wino wa rangi nyingine, kila mmoja akitaja ushahidi uliomfanya abadilike.