Barua Itanguliayo Mswada

Mwalimu mwenzetu mmoja alinipa niisome nakala ya barua aliyompelekea wakala wa waandishi huko London, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya riwaya yake. Jibu lilikuwa la sentensi mbili tu, nalo la kukataa. Akaniuliza kama kosa limo katika riwaya. Riwaya nimeisoma, ni nzuri. Kosa limo katika barua, nayo yastahili kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote.

Barua ile ina kurasa tatu. Wa kwanza ni salamu na sifa za wakala. Wa pili ni dhiki za mwandishi. Wa tatu wadai kwamba kitabu kitawafunza vijana maadili. Yule mvuvi wa Ziwa Tanganyika, aliyenikesha nikisoma, hakutajwa hata mara moja! Adabu yetu ya kutanguliza maneno mengi ni njema barazani. Lakini wakala hupokea barua nyingi kila juma. Asipokutana na hadithi mapema, huiweka kando.

Barua ya namna hii hutosha ukurasa mmoja. Fungu la kwanza hutaja jina la kitabu, aina yake na idadi ya maneno. La pili humwonyesha mhusika, analolitaka na linalomzuia, bila kufichua mwisho. La tatu humweleza mwandishi kwa ufupi. Basi.

Yafaa pia tuijue desturi ya kazi yenyewe. Tangu A. P. Watt alipoianza London katika karne ya 19, wakala hulipwa fungu la mapato ya mwandishi. Siku hizi Uingereza na Marekani aghalabu ni asilimia 15. Adaiye ada kabla ya kitabu kuuzwa, na aepukwe.

Kwa miswada ya Kiswahili, kwa kawaida twawaandikia wachapishaji wenyewe, au twashindania tuzo kama ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Hata hivyo, mchapishaji naye huanza kwa kusoma barua. Darasani twafundisha barua ya kuomba kazi. Ya kukiombea kitabu hatuifundishi. Mwenzetu ameanza kuiandika upya yake, na sentensi ya kwanza sasa ina mvuvi ndani yake.