Muuzaji Anayesoma

Anayeiuzia serikali huanza kazi miezi mingi kabla ya kuandika bei. Huanza kwa kusoma. Kusoma huko ni ufundi kamili, na ninausifu kwa moyo wote, kwa kuwa umewapa riziki watu wasio na ndugu ofisini.

Chukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kolandoto, kata ya Manispaa ya Shinyanga iliyopo kando ya barabara ya Mwanza. Mteja mkubwa anayemwona kila siku ni hospitali, lakini hospitali hiyo ni ya kanisa la AICT. Akitaka kuiuzia serikali itambidi aangalie mbali zaidi, na jambo la kwanza atakalojifunza ni kwamba serikali ni wateja wengi, kila mmoja na mfuko wake. Barabara za wilaya zilikabidhiwa wakala wa barabara, TARURA, mwaka 2017. Maji ya vijijini yakaenda kwa wakala mwingine, RUWASA, mwaka 2019. Muuza mabomba anayeendelea kubisha hodi halmashauri kwa ajili ya mradi wa maji wa kijiji amekosea mlango, hata bei yake ikiwa nzuri.

Mjini nako kuna la kusoma. Maji ya Ziwa Victoria husafishwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA huko Ihelele, wilayani Misungwi, kisha mamlaka nyingine, SHUWASA, huyapokea na kuyafikisha majumbani Shinyanga. Kwa hiyo muuza kemikali za kutibu maji na muuza mita za maji hawana mteja mmoja, ingawa wote wawili watasema wanauzia "idara ya maji". Mtafiti hodari huyafuata maji tangu ziwani hadi bombani, na kila yanapobadilisha mikono huandika jina la mnunuzi.

Ndipo anapoingia mtandaoni. Tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma unapita katika mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Wengi huufungua kutafuta matangazo ya zabuni, na tangazo likishatoka siku zilizobaki ni chache. Fundi huanza na mpango wa ununuzi wa mwaka. Humo taasisi nunuzi inaeleza itanunua nini, kwa njia gani na wakati gani. Wafanyabiashara husema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, asubuhi hiyo ni Aprili hadi Juni, bajeti zinapojadiliwa bungeni Dodoma. Anayesikiliza wakati huo hupata muda wa kutafuta mtaji, kuhuisha leseni na kuweka sawa mambo yake ya kodi.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) nazo hutolewa hadharani kila mwaka, na fundi huzisoma kama muuzaji: taasisi ipi ina madeni ya wazabuni, ipi ililipia vitu visivyofika. Humo hujifunza mahali pa kutokwenda. Kuiacha zabuni isiyo saizi yako ni sehemu ya ufundi, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu tarakimu kubwa hupofusha. Kwa mwenye mtaji mdogo pia kuna njia: sheria inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini haki hiyo humfaa aliyesajili kikundi chake mapema.

Ningependa ufundi huu ufundishwe pamoja na kuchomelea na kushona, Kolandoto, Kahama na Geita, kwa vijana walioaminishwa kwamba tenda ni za wenye kujuana. Upendeleo haujaisha nchini. Hata hivyo, aliyeusoma mpango mwenyewe hana haja ya kumlipa mtu amnong'oneze.

Tena faida yake haiishii dukani. Mtu huyo alianza kusoma kwa ajili ya riziki, akajua ni madawati mangapi yaliyopangwa kwa shule za halmashauri yake na kisima kipi kilitengewa pampu. Hata zabuni akiikosa, ujuzi huo anabaki nao. Madawati yasipofika, yeye ndiye atakayesimama kwenye mkutano wa mtaa na kuuliza, tena kwa tarakimu.